Mkojo wa Tata kwenye Moto wa Makala

Nilikuwa na mkono wa haraka, na nilijivunia mkono huo. Kwenye labo ya hospitali niliyofanyia kazi Butembo, miaka ile ya vita, hakuna aliyeweza kunishinda kupima mkojo. Unajaza tube, unatia matone mawili ya asidi, unaishika juu ya moto wa petroli, mafuta ya taa, inachemka kufumba na kufumbua, unaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona weupe kama maziwa yaliyokatika, hiyo ni albumini, protini ya damu iliyovuja kwenye figo. Usipoona kitu unamwaga, unaosha, unaandika néant, yaani hakuna kitu, unamwita mwingine. Hospitali nzima ilikuwa na tube nne zisizo na ufa, na foleni ilifika nje kwenye vumbi. Mtu wa kubembeleza tube moja dakika kumi angefukuzwa na wagonjwa wenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyompima tata, baba yangu mzazi, mara tatu katika mwaka mmoja. Mara tatu néant, kwa mwandiko wangu, na sahihi yangu chini. Nikiikumbuka ile sahihi, na mkia mrefu niliokuwa nauvuta kama waziri, nataka kujipiga kofi.

Tata alizaliwa kijiji cha Luofu, akaja Butembo akiwa kijana, akafanya biashara ya kahawa maisha yake yote. Alikuwa mtu wa kubeba gunia huku anacheka. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, tukasema ni magunia hayo. Akaanza kukonda, suruali akaifunga kwa kamba. Siku moja alikohoa tu mezani, ubavu ukavunjika, na sote tuliusikia. Mtu gani anavunjika ubavu kwa kikohozi? Dokta akaandika apimwe damu, apimwe mkojo. Damu ilikuwa imepungua. Mkojo nikaupima mimi, néant.

Kwetu, ugonjwa ukikosa jina hospitalini unapewa jina nyumbani. Wa tata ulipewa jina la karuho, sumu ya polepole ambayo kila mtu anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona. Na karuho haitoki mbali, inatoka kwenye sahani. Aliyekuwa anapika sahani ya tata tangu mama yangu afariki ni mama mudogo, mjane wa ndugu yake tata, aliyekaa nasi kwenye parcelle, kiwanja chetu. Mwanamke wa maneno machache, bahili wa chumvi, mwenye mbabula yake ya makala, jiko la mkaa ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Familia ilipokutana, kaka mkubwa wa tata alitoa mfukoni yale makaratasi yangu matatu, akayasoma moja moja kama msomaji wa misa.

"Labo inasema mutu haiko na kitu," akasema. "Kama haiko na ugonjwa, basi iko na adui. Na kikulacho kiko mu nguo yako."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Tata mwenyewe, mama mudogo alipomletea obundu, ugali wa muhogo, na maharagi, aliifunika sahani kwa kitambaa akaisukuma pembeni. Mama mudogo akaitazama sahani ile, akaiondoa. Kesho yake asubuhi alibeba mbabula yake na nguo zake, akapanda gari la Beni, akaenda kukaa kwa dada yake pale mtaa wa Beu. Alifanya vema, kwa sababu miaka hiyo watu waliuawa kwa neno dogo kuliko hilo. Nilijua kwamba karatasi zangu ndizo zilizomtoa. Nikajiambia karatasi ni karatasi, kilichoonekana kimeonekana. Kiburi, nasema wazi, kilikuwa kiburi.

Kisha njia ya mpakani ikafungwa, sijui kwa mara ya ngapi, na petroli ikakosekana mji mzima. Labo tukabaki na mbabula moja ya kuazima jikoni na makala yaliyonyeshewa. Nilikuwa naweka sufuria ya maji juu, nasimamisha tube ndani, napuliza mpaka machozi yananitoka. Maji yalichukua muda wa rozari nzima kupata moto. Ndipo ulipokuja mkojo wa tata kwa mara ya nne, maana dokta hakuchoka kuuagiza.

Niliinua tube maji yakiwa bado ya kuogea mtoto, nikaona wingu. Weupe mzito, umejaa kutoka juu mpaka chini. Moyo ukanilipuka. Nikairudisha, nikapuliza kwa nguvu ili nihakikishe, na maji yalipoanza kutokota nikaiinua tena. Hakuna kitu. Safi kama maji ya kisima. Nikasema ni moshi huu umenitia macho mabovu, ama tube haikuoshwa vizuri. Nikamwaga. Nikaosha. Nikashika kalamu niandike néant, na kalamu ikakataa.

Nikamfuata dokta. Alikuwa mzee, mtu wa Kasai, serikali ilimtuma kwetu kabla ya vita, halafu vita vikafunga njia, mshahara ukabaki upande ule na yeye akabaki upande huu. Nilimweleza wingu lililokuja na kuondoka. Akasimama.

"Iko wapi?"

"Nimeimwaga, dokta."

Akavua miwani yake, akakaa tena, akasema nami kama na binti yake.

"Sikia, ma fille. Kuko protéine moja, haiko ya figo. Inatoka ndani ya mifupa, mu moelle. Kuko cancer ya pale ndani, njo inaitengeneza. Moto kidogo, inaganda. Moto mingi, inayeyuka. Ukiiacha ipoe, inarudi. Donc mutu wa haraka hawezi kuiona hata siku moja."

Nilikuwa nahesabu karatasi tatu.

"Kama uliona muzuri, papa yako iko na cancer," akasema. "Kama uliona mubaya, ni uchafu wa tube. Mimi sikuona. Leta ingine."

"Na dawa?"

"Hapa? Mu vita hii?" Akafuta miwani kwa shati. "Hapana."

Nilikwenda kwa tata na chupa, akanitazama na kucheka kidogo, kwa sababu kucheka sana kulimuumiza mbavu. "Mulinipima mara ine. Hakuna, hakuna, hakuna. Mukojo yangu mulishamaliza yote, mutoto. Muniache nipumuzike." Nikarudi na chupa tupu. Nilimwambia dokta kesho, kesho. Ukweli ni kwamba nilifarijika. Chupa ikiwa tupu, tata haumwi kitu chenye jina.

Wiki chache baadaye dokta aliniita ofisini akanisukumia barua. Kulikuwa na daktari mtafiti wa chuo cha nchi jirani, ng'ambo ya mpaka, kazi yake ni kuchunguza protini katika cancer na magonjwa mengine. Atafika Beni kwa ndege ndogo, atakaa siku mbili. Alikuwa na nafasi moja ya masomo kwa mtu wa upande wetu, miaka miwili kwenye labo yake. Hakuhitaji diploma kubwa. Alihitaji mtu anayeweza kuzitambua protini hizo kwa mikono tu, pasipo mashine, ili baadaye wagonjwa wa namna hiyo wapatikane hata kwenye hospitali kama yetu. Aje na mkojo wa mgonjwa, aonyeshe.

"Ile tube uliyomwaga," dokta akasema. "Kaionyeshe."

Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Miaka sita nilikuwa nachungulia malaria na minyoo, naandika, naosha, namwita mwingine. Na sasa nilikuwa nimeona kitu, mimi mwenyewe, na sikujua ni nini, na kuna mahali watu wanakaa mchana kutwa wakitafuta kujua. Lakini mgonjwa niliyekuwa naye ni mmoja tu.

Nikamdanganya tata. Nilimwambia mkojo huu si wa ugonjwa wake, ni wa mtihani wangu, kuna masomo. Hakuuliza zaidi. Asubuhi ya safari alitoka chooni nyuma ya nyumba akitembea kwa fimbo, chupa mkononi. Kabla ya kunipa aliipangusa kwa shati lake pande zote, isinichafue.

"Kama ni ya masomo yako," akasema, "beba."

Niliiweka kwenye thermos, na barafu niliyoomba kwa muuza samaki. Butembo mpaka Beni si mbali, lakini miaka ile umbali ulipimwa kwa vizuizi. Nilikaa juu ya lori kati ya magunia ya vitunguu, thermos mapajani, na kila kamba iliyovutwa barabarani roho ilinipaa. Hofu ya kuuawa nilikuwa nayo kama kila mtu, ile ya kila siku. Lakini zaidi niliogopa wasije wakamwaga. Kwenye kizuizi cha tatu askari akataka chai.

"Haiko chai," nikasema. "Ni mukojo."

Abiria wote wakanigeukia. Askari akafungua, akanusa, akanitazama muda mrefu, akamwambia mwenzake kwa Kilingala kwamba mama huyu ana wazimu. Akanirudishia. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho wazimu ulinifaa.

Hospitali ya Beni niliifikia saa nane mchana, vumbi mpaka kwenye meno. Mtafiti alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye Kiswahili cha mashariki kilichonyooshwa kwa pasi. "Karibu, dada. Pumzika kwanza, usiwe na wasiwasi." Mtu akikwambia usiwe na wasiwasi ndipo wasiwasi unapokukamata vizuri. Nilisema sina haja ya kupumzika. Walinipa sufuria na jiko la gesi, la kwanza kuligusa maishani. Kifungo chake kilikuwa kimeharibika, moto ulikuwa mmoja tu, mkubwa, unanguruma. Nilijaza tube, nikatia asidi, nikaisimamisha majini. Kabla sijapanga vidole kuinua, maji yalikuwa yanaruka. Nikainua. Safi.

Mtafiti alikuwa ameinama kutazama. Na mimi, aibu imenipanda mpaka masikioni, mkono wangu ukafanya ulichozoea miaka sita. Nikageuka kwenye beseni nikamwaga, nikasuuza.

"Dada," akasema taratibu, "tungeiacha ipoe."

Nilijua. Dokta alinieleza, nililijua neno hilo kama Baba Yetu, na mkono mpumbavu haukungoja. Chupani ulibaki mkojo wa kujaza tube moja.

Alisema labda hakuna kitu, inatokea, si kosa. Nikamwambia kwa gesi hii haiwezekani, natafuta makala. Akatazama saa yake. Ndege ilikuwa kesho asubuhi, na saa kumi alikuwa na kikao na wakubwa wa hospitali. "Nakusubiri mpaka saa kumi," akasema.

Mbabula zilikuwa nyingi Beni, lakini nani amkopeshe mgeni mbabula yenye moto wakati kila mtu anamshuku mwenzake? Kwenye mji ule nilimjua mtu mmoja. Nilitembea mpaka Beu nikiwa karibu kukimbia, naomba nisimkute, naomba nimkute. Nilimkuta uani, amekaa juu ya kibao, maharagi yanachemka mbele yake. Alikuwa amezeeka.

"Mama mudogo," nikasema.

Hakuinuka. "Amekufa?"

"Hapana."

"Sasa unatafuta nini?"

Ningeweza kumwomba msamaha. Maneno nilikuwa nayo tangu siku ile alipoondoka. Nikasema, "Natafuta mbabula yako."

Alinitazama kama anavyomtazama mtu anayezidisha chumvi. Nikamweleza haraka haraka: mkojo wa tata, wingu, cancer, gesi, saa kumi. Sijui alielewa nini. Aliepua sufuria ya maharagi akaiweka chini, akashika mbabula kwa waya wake, makala yanawaka ndani, akatangulia njiani.

Tuliingia labo saa kumi kasorobo. Wauguzi walimtazama mwanamke wa kanga iliyopauka akiweka mbabula kwenye sakafu safi. Hakujali. Alichuchumaa, akapanga makala kwa kijiti, akapunguza moto, kisha akauliza, "Unataka maji ya ginsi gani?"

"Ya polepole."

"Njo kazi yangu," akasema.

Nikasimamisha tube ya mwisho. Kila nilipoinua, niliinua kwa mikono miwili. Nilisali. Namwambia Bikira Maria, lete wingu, na neno halijaisha mdomoni namwambia, usilete. Wingu likija napata masomo, mama mudogo anarudishiwa jina lake jema, na tata anakufa. Lisipokuja, labda tata ana mgongo tu, mgongo wa magunia, atapona, na mimi narudi kwenye minyoo. Kwa mtu mwenye moyo wa kawaida jambo hilo si gumu. Mimi nilisali pande zote mbili, na sijui upande upi niliusema kwa sauti kubwa.

Maji yakapata uvuguvugu. Nikainua. Hakuna. Nikarudisha. Mama mudogo akapuliza mara moja, pumzi ndogo. Nikainua.

Lilikuwepo. Zito, jeupe, limejaa tube nzima.

"Usiitoe," mtafiti akasema, na sauti yake imebadilika. Tukapandisha moto. Likayeyuka mbele ya macho yetu, karibu lote. Nikaiweka kwenye kishikio, nikafunga mikono yangu nyuma ya mgongo ili isifanye ujinga mwingine. Tukangoja. Tube ikapoa, wingu likarudi, polepole, likianzia chini. Mtafiti akanishika bega. "Hongera sana, dada. Nafasi ni yako."

Nikatabasamu. Nalisema kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema. Nilikuwa na wingu la baba yangu mbele yangu nikatabasamu mpaka meno yakaonekana.

Mama mudogo alikuwa bado amechuchumaa. "Iyo njo karuho?" akauliza.

"Hapana. Haikutoka mu chakula. Inatoka mu mifupa yake mwenyewe."

"Kwa hiyo haiko mimi."

"Haiko wewe. Haikuwa wewe hata siku moja."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari ya jana. "Na dawa?"

Nikamtazama mtafiti. Mtafiti akatazama dirishani. Alisema kwake kuna dawa za kuchelewesha, si za kuponya, na kwa mgonjwa aliyekwisha kuvunjika mifupa, na njia hizi, hapana, asidanganye mtu. Mama mudogo akakaa chini kabisa kwenye sakafu, kando ya mbabula, akajifunika uso kwa kanga, akamlilia shemeji yake. Alimlilia mtu aliyefunika sahani yake kwa kitambaa. Hapo ndipo tabasamu langu lilipodondoka, na mpaka leo sijui lilikaa usoni dakika ngapi.

Ndege ilikuwa inaondoka asubuhi. Kurudi Butembo kwanza maana yake ni kukosa. Nilikaa uani Beu siku ile, karatasi ya nne mapajani. Niliandika kwa mwandiko wangu: ipo. Protini ipo. Chini yake nikaandika kwamba zile tatu za kwanza zilikosewa na mpimaji, si na mtu mwingine. Sahihi niliiweka fupi. Nilisema nitaacha masomo, nitaipeleka mwenyewe. Nilisema mara mbili, na mara zote mbili nikangoja mama mudogo anikataze.

"Lete," mama mudogo akasema. "Nitamupelekea mimi."

"Bataku­fukuza."

"Nilishafukuzwa. Bataongeza nini?"

Asubuhi alipanda lori la Butembo na mbabula yake, mimi nikaenda uwanja wa ndege. Hatukuagana vizuri. Aliniambia tu nijifunze kupika.

Barua yake, aliyomwandikisha katekista, ilinifikia baada ya miezi mingi, mkononi mwa mfanyabiashara. Alisema tata aliisoma karatasi, akasema, "Kumbe mutoto alikuwa na haraka sana." Kaka yake mkubwa naye akaisoma, akatoka nje, hakurudi siku hiyo. Wengine walitaka mama mudogo apike uani, mbele ya macho ya watu. Tata akasema apike ndani, mvua inakuja. Akaomba maji, akanawa mikono, akamwambia, "Bibi ya ndugu yangu, niko na njaa." Alikula chakula alichopika yeye kila siku, mpaka siku aliposhindwa kumeza. Walimzika Luofu.

Nilikuwa kwenye labo ya mtafiti barua iliponifikia. Niliisoma nimesimama mbele ya sufuria ya maji, nasubiri tube ya mtu mwingine ipoe.